Daftari la Mzee Turubai

3 Februari

Mpwa wangu, Bibi Maswali,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za paka, ambaye tangu uondoke hana wa kumrushia vichwa vya samaki. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amebadilisha mkanda wa cherehani, sasa inashona kimya kimya, na ananiambia nami nijifunze kwake. Goti langu la kushoto linanipa habari za mvua siku mbili kabla, la kulia halisemi kitu. Msalimie dada yangu, mwambie miwani aliyopimiwa huvaliwa usoni, si kichwani.

Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu ni ya kusema "nimefika" na "njoo haraka." Mambo ya maana yana karatasi yake, na mwandiko wangu bado haujaanza kutetemeka.

Sasa la moyoni. Mama yako amenieleza kwamba umepewa meza katika ofisi ya vibali vya kemikali. Nilipoisikia habari hiyo nilitoka nje nikarudi ndani mara tatu bila sababu. Kinyozi ameshasikia, muuza mkaa ameshasikia, hata mlinzi wa benki ambaye hatusalimiani ameshasikia. Nimewaambia kwamba gesi ya kufukizia haiingii nchini wala haitoki bila kupita mbele ya macho ya mtoto wa dada yangu. Mimi nimeua wadudu wa nafaka kwa methili bromidi kwa miaka thelathini na moja, ile tunayoiita bromaidi, na leo bromaidi yenyewe inapiga hodi kwa binti niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Kichwa kimenivimba na sitaki kipungue.

Bosi wetu analeta ombi la kuingiza mitungi arobaini. Sikuombi kitu. Narudia, sikuombi kitu. Ninachokwambia ni hiki tu: bosi alitaka kuambatisha kurasa tatu za daftari la ufukizaji, zile nadhifu za mwanzo. Nikamwambia, "Hapana, bosi. Ofisi ile siku hizi ina watu wanaosoma. Peleka daftari zima." Kurasa mia mbili na kumi na mbili, na hakuna hata mstari niliofuta. Kila rundo la magunia, saa tuliyofungua mtungi, saa tuliyofunua turubai, mzigo ulikwenda wapi na siku gani. Akacheka, akasema, "Mzee Turubai, nani atasoma yote hayo?" Lakini alikubali, na mashine ya kunakili ikashika moto.

Bila mitungi hiyo kikosi changu cha watu sita hakina kazi, nami nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ila sina wasiwasi. Chema chajiuza.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika na imesomwa kwa sauti. Mama hajambo. Miwani anaivaa sasa, lakini anaitumia kunikagua mimi: eti nimekonda, eti kola yangu ina uzi. Mkaza mjomba mwambie lile gauni la bluu alilonishonea ndilo nililovaa siku ya kwanza kazini, na wawili wameniuliza fundi wake yuko wapi.

Ofisi yenyewe usiiote kubwa. Chumba kiko ghorofa ya pili, meza nne, kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haifunguki bila teke, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazi ndiyo kubwa. Gesi yako ikishafunuliwa turubai inapanda juu, na huko inakula tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua. Ndiyo maana nchi zimekubaliana kwamba mtungi hauvuki mpaka bila kibali. Kibali chenyewe tunakitoa kwa jambo moja tu: mzigo unaokwenda nje ya nchi, uliofukizwa ndani ya siku ishirini na moja kabla ya kupakiwa melini. Nafaka ya kuliwa hapa hapa ina dawa nyingine. Nakueleza tu kazi ilivyo, kwa sababu umezoea kunieleza yako.

Kuhusu ombi la kampuni yenu sitasema neno, wala usiniulize. Siku lilipofika nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia jina lililo chini ya kila ukurasa ni la mjomba wangu. Alinitazama, akachukua kalamu, akaandika juu ya faili: "Asome yeye. Nitaamua na kutia sahihi mimi." Basi ninasoma.

Mwandiko wako ni mzuri, Mjomba. Hilo naweza kulisema bila kuvunja sheria.

Mpwa wako


9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Wiki tatu tangu barua ya ofisi ya kulikataa ombi lenu iondoke, na kutoka kwako hata mstari. Nimemuuliza mama kama umempigia, akasema umempigia, mkazungumzia bei ya sukari. Kwa hiyo ni mimi unayeninyamazia.

Salamu kwanza, maana hasira haizuii adabu. Sisi wazima. Mama amepanda maua kwenye ndoo iliyotoboka na anayamwagilia mpaka jirani wa chini amelalamika.

Sasa nakuandikia kama mtoto, si kama ofisi. Uamuzi umeshatoka, kwa hiyo ninaweza kusema. Ukurasa wa themanini na saba: magunia mia tisa ya maharage, yalifukizwa kwa bromaidi, na wewe mwenyewe umeandika, "Yakauzwa sokoni hapa." Ukurasa wa mia na thelathini na moja: ufuta, ulifukizwa tarehe nne Mei, ukapakiwa tarehe kumi na moja Juni. Siku thelathini na nane. Umeongeza, "Meli ilichelewa, ufuta ulikaa." Hakuna aliyekuuliza kama meli ilichelewa! Umeandika tu kwa sababu ilichelewa. Nimehesabu mara mbili, Mjomba. Kurasa sitini na tatu ziko nje ya kanuni, na zote nimezijua kwa kalamu yako. Ungemwacha bosi apeleke zile kurasa tatu tu, mitungi arobaini ingekuwa njiani.

Nilipofika kwenye ule ufuta niliweka kalamu chini. Nikawafikiria wale watu sita wako. Kisha nikaokota kalamu nikaandika siku thelathini na nane kwenye ripoti, kwa sababu wewe uliandika thelathini na nane.

Kama unataka kunigombeza, nigombeze. Kimya ndicho nisichokiweza.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa,

Salamu. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha, paa la jikoni halivuji. Mkaza mjomba wako anakusalimu, amepata kazi ya sare za shule na nyumba nzima imejaa vipande vya kaki.

Barua ya ofisi yenu tuliiona. Imepangwa vizuri na muhuri umekaa sawa.

Kazini hakuna jipya. Kwa sasa nimewekwa getini, nafungulia magari. Kazi ya kukaa. Goti linashukuru.

Msalimie dada yangu.

Mjomba


11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Salamu za nyumbani utazipata siku nyingine, zote ni nzuri, mama yuko na maua yake. Leo nina haraka na nina hofu, na vyote viwili navisema wazi.

Mfukizaji mkuu wa miaka thelathini na moja anafanya nini getini? Barua yako ilikuwa na mistari tisa. Nimeisoma zaidi ya nilivyosoma daftari lako zima, na sikukuona ndani yake.

Juzi kampuni yenu imeleta ombi jipya, na daftari jipya. Wanasema lile la kwanza lilikuwa rasimu. Hili lina kurasa arobaini, kalamu moja toka mwanzo hadi mwisho, hakuna tone la jasho wala alama ya kidole. Maharage hayamo. Ufuta umepanda meli siku ya kumi na tisa. Kuna hata mzigo uliofunuliwa tarehe thelathini na moja Septemba, siku ambayo Mungu hakuiumba. Na chini ya kila ukurasa pana jina lako na sahihi.

Nimemwambia mkuu wangu kwamba sahihi hiyo siijui. Akanijibu kwamba mpwa hawezi kuwa shahidi wa sahihi ya mjomba wake, na ni kweli. Kwa hiyo ofisi inakuandikia. Bahasha ya kahawia itafika kivyake, ina swali moja: je, sahihi hii ni yako? Mkuu ndiye atakayeisaini, na jibu litakwenda kwake.

Nakuomba usinijibu kama mjomba. Ukisema ni yako, ombi lina nafasi, kikosi chako kinarudi kazini, nami sitakuuliza tena maisha yangu yote. Ukisema si yako, unajua vizuri kuliko mimi kitakachokupata. Sikuombi jibu lolote kati ya hayo mawili. Na mimi pia naweza kusema hivyo mara mbili: sikuombi kitu.

Mpwa wako


27 Juni

Bibi Maswali wangu,

Bahasha ya kahawia imefika, na nimeijibu siku ile ile. Hii hapa nakala, ili usome kwa macho yako na si kwa kusimuliwa.

"Kwa Mkuu wa Vibali. Mimi ni mfukizaji mkuu, ambaye tangu Aprili nimewekwa getini. Sahihi iliyo kwenye kurasa arobaini mlizonitumia si yangu. Yangu ni hii iliyo chini, na mnaweza kuilinganisha na kurasa mia mbili na kumi na mbili mlizo nazo kabatini. Daftari lile si rasimu. Niliandika mimi, na kosa lililomo pia ni langu, kwa kuwa nilifunika maturubai bila kuuliza mzigo unakwenda wapi na unaondoka lini. Nilijua gesi, sikujua kanuni. Sasa najua. Wenu mtiifu."

Hiyo ndiyo ya ofisi. Ya nyumbani ni hii.

Kwanza, wote wazima. Pili, nilikukasirikia, na sitaficha. Mwezi mzima. Kila nikiona watu wangu wamekaa juu ya chaga za magunia, tupu, wakicheza bao la vizibo, nilikuona wewe na kalamu yako. Bosi akaniita. Akasema, "Andika barua kwa mpwa wako, mlainishe." Nikamwambia mpwa wangu halainishwi, nimemlea mwenyewe. Basi akatoa daftari jipya, halijaandikwa hata neno, akalisukuma mezani. "Andika upya, Mzee. Wewe unajua wanachotaka kuona." Nikamwambia, "Bosi, ufuta ule ulikaa siku thelathini na nane. Mimi niliuona ukikaa. Nitaupandishaje meli ya jana?" Kesho yake nikapewa funguo za geti.

Pale getini ndipo hasira iliponiishia. Mtu akikaa getini anapata muda wa kufikiri. Nikajiuliza: huyu mtoto angenipitishia, ningemwambia nini kinyozi? Kwamba mpwa wangu ana cheo, na cheo chake ni kufumba macho?

Sikukueleza kwa sababu ungenihurumia, na huruma ingekuingia kwenye kalamu. Nilitaka usome karatasi peke yake, bila machozi ya mjomba juu yake. Na umesoma hata ile tarehe thelathini na moja Septemba! Nilicheka peke yangu mpaka dereva wa lori akaniuliza kama niko sawa.

Kazi imekwisha, mwanangu. Nilimweleza bosi nilichojibu, na Jumatatu nikakabidhi funguo. Mkaza mjomba wako alinikabidhi mkasi nikate vipande vya kaki. Nakata vibaya, lakini nakata.

Usilie. Nakujua.

Mjomba wako


12 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo, na tena shikamoo.

Nimelia, kwa hiyo amri yako imefika imechelewa.

Mkuu wangu alilisoma jibu lako akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti, mbele ya meza zote nne. Alipofika kwenye "nilijua gesi, sikujua kanuni" aliurudia mstari huo. Kisha akaniuliza, "Huyu mzee ana ndugu wengine wa aina yake?" Nikamwambia yuko mmoja, anamwagilia maua kwenye ndoo. Nikatoka nikaenda kukaa ngazini, nikalia kwa fahari, Mjomba, usidhani ni kwa kitu kingine. Waliopita walidhani nimefiwa.

Ombi limekataliwa, na kampuni imefungiwa isilete jingine. Ile nakala nimempa mama. Alivaa miwani vizuri, akaisoma mara mbili, akasema, "Kaka yangu huyo," kama mtu anayemtambulisha kwa wageni, na tulikuwa wawili tu chumbani. Sasa iko kwenye mkoba wake na inakwenda naye sokoni.

Siwezi kukutafutia kazi, na hungekubali. Ila si siri ya ofisi kwamba nafaka ya humu nchini inafukizwa kwa vidonge vya fosfini, na wenye maghala wanalalamika kwamba wanaojua kuvitumia bila kujiua ni wachache. Nimesema tu. Na usikate kaki yote.

Mpwa wako anayekuonea fahari


5 Novemba

Bibi Maswali,

Salamu ziwafikie wewe na dada yangu na maua yake. Huku sisi wazima, na kaki imekwisha bila mimi kujikata kidole.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa darasani. Naam, mimi, na mvi zangu. Chama cha wakulima wenye ghala tulilolifukizia miaka yote kiliiondoa kampuni ya bosi, kikatuita kikosi kizima, watu sita na mzee wao. Wametupeleka kwenye mafunzo ya vidonge, na mtihani nimepita. Bromaidi ilimaliza kazi kwa siku moja. Vidonge vinataka siku saba na subira. Fukusi wa nafaka wanakufa vilevile, ila wanapata muda wa kuandika wosia. Na siku hizi, kabla ya kufunika turubai, nauliza: "Mzigo huu unakwenda wapi, na lini?" Vijana wananiita Bwana Maswali. Nimewaambia ni ukoo.

Sasa sikiliza. Bosi aliacha uani mitungi kumi na mmoja ya bromaidi. Mingine haijaguswa, mingine ina gesi chini. Chama kimeamua irudishwe kwa walioitengeneza, ng'ambo, ikateketezwe. Kutoa nje nako kunataka kibali, na mwenye dhamana ya mitungi ni mimi. Basi kwa mara ya kwanza maishani nikajaza fomu zenu kwa jina langu, nikaambatisha kila karatasi, na nakala ya ridhaa ya nchi inayopokea. Nilipofika mtungi wa saba jua lilikuwa kali na mizani ilikuwa ghala la pili. Nikautikisa, nikaandika: "Karibu nusu."

Wiki iliyopita bahasha ya kahawia imerudi. Ombi limekataliwa! Sahihi ni ya mkuu wako, lakini "karibu nusu" imepigwa mstari mwekundu kwa rula, na pembeni kuna maneno manne kwa mwandiko ninaoujua, wako: "Karibu nusu si kipimo."

Niliichukua karatasi hiyo hadi kwa kinyozi. Nikaipeleka kwa muuza mkaa. Nikampelekea mlinzi wa benki, na sasa tunasalimiana. Kinyozi aliisoma, akaacha kichwa cha mteja nusu, akaniambia, "Mzee Turubai, mpwa wako mwenyewe kakunyima?"

Nikamwambia, "Kaninyima. Kwa ajili ya mtungi mmoja. Nionyesheni mwingine mwenye mtoto kama huyo."

Nimeuburuta hadi kwenye mizani leo asubuhi, nikatoa uzito wa mtungi mtupu kama ulivyogongwa muhuri shingoni mwake. Umebaki na kilo kumi na tisa na gramu mia nne. Nimepima mara tatu, na watu sita wamesimama mashahidi. Fomu mpya imo ndani ya bahasha ya pili.

Isome vizuri.

Mwombaji, mjomba wako